Jina la Mgeni na Mlango wa Mwenyeji

Lipo swali la kale ambalo kila jamii hulikuta siku moja mlangoni pake: mgeni akija kukaa, aingie na jina lake, au aliache nje kama aachavyo viatu? Wahenga walilijibu swali hili kwa methali, lakini methali zenyewe hazikubaliani. Moja yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine yasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na ipo inayomwonya mgeni mwenyewe kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu akiziandika zote tatu ubaoni kwa siku moja, hapana shaka wanafunzi watamwuliza ni ipi iliyo ya kweli, naye itambidi afikiri kabla ya kujibu.

Katika makala hii tumekusudia kulitazama swali hilo kwa kufuata historia ya chama kimoja cha kandanda kilichoundwa na wahamiaji wa Kigiriki katika kitongoji cha jiji la Melbourne, nchini Australia. Huenda msomaji akastaajabu kwamba tumeuacha uwanja wa lugha na fasihi tukaenda kwenye uwanja wa mpira, tena wa nchi ya mbali. Tumefanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, mpirani watu hujigawa pande mbili bila kuona haya, na mambo ambayo mahali pengine hufichwa kwa adabu, hapo hupigiwa kelele. Pili, jambo la mbali aghalabu huonekana vizuri kuliko la karibu, kwa kuwa halituumi. Na tukishaliona kwa wengine twaweza kurudi kwetu tukajitazama.

Chama chenyewe chaitwa South Melbourne, na kwa miaka mingi kiliitwa South Melbourne Hellas. South Melbourne ni jina la kitongoji kilicho karibu na ziwa la Albert Park. Hellas ni jina ambalo Wagiriki wenyewe huiita nchi yao. Tangu mwanzo, basi, jina la chama lilikuwa na nusu mbili: nusu ya mahali walipofika na nusu ya mahali walikotoka. Historia nzima ya chama hicho ni historia ya ugomvi juu ya nusu ile ya pili.

Imla ya mlangoni

Ili kuuelewa ugomvi huo, hatuna budi kwanza kuutazama mlango ambao wageni walipitia. Mwaka 1901 Australia ilitunga sheria ya kuzuia uhamiaji. Sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu waziwazi. Badala yake ilimpa ofisa wa bandarini uwezo wa kumtahini mgeni kwa imla ya maneno 50 katika lugha ya Kizungu aliyoichagua ofisa mwenyewe. Ikiwa mgeni alikijua Kiingereza, ofisa aliweza kumsomea imla kwa lugha nyingine asiyoijua. Mwafrika au Mwasia aliyetahiniwa hivyo alishindwa kwa sababu alikuwa amekusudiwa kushindwa.

Sisi walimu wa lugha twapaswa kusimama kidogo hapa. Imla ni chombo chetu. Twaitumia kumsaidia mtoto asikie sauti na kuiandika, na akikosea twamsahihisha ili kesho apate. Hapo bandarini chombo hichohicho kiligeuzwa kufuli. Mtahini hakutaka kujua kama mgeni amejifunza. Alitaka kumpata na kosa. Imla hiyo ilifutwa mwaka 1958, na sera ile ya kuifanya Australia nchi ya weupe ilikomeshwa kabisa mwaka 1973.

Wagiriki walikuwa watu wa Ulaya, na kwa hiyo sheria haikuwafungia nje kama ilivyowafungia Waafrika na Waasia. Hata hivyo hawakuwa wageni waliotamaniwa kwanza, kwani Australia ilipenda kupata watu wa Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika. Viwanda vya Australia vilihitaji mikono, na Ugiriki ilikuwa imechoshwa na vita hivyo pamoja na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa kuanzia 1946 hadi 1949. Mwaka 1952 serikali mbili zikapatana juu ya kuwasaidia wahamiaji, na maelfu kwa maelfu ya Wagiriki wakasafiri kwa meli hadi kusini mwa dunia. Wengi wao walikaa Melbourne.

Walipofika waliitwa Waaustralia Wapya. Jina hilo lilionekana kuwa la heshima, ila ndani yake mlikuwa na amri: sahauni mlikotoka, fananeni nasi upesi. Mtu aliyekuwa fundi au mkulima kwao aliingia kiwandani kuanzia Jumatatu, akaamriwa kwa lugha asiyoielewa, akachekwa kwa jinsi alivyolitamka jina la mtaa wake, na chakula alichofungasha kikanuswa kwa dharau. Tangu asubuhi hadi jioni alikuwa mgeni wa watu wengine.

Chama cha nusu mbili

Mwaka 1959 vyama vitatu vya mpira viliungana. Kimoja, South Melbourne United, kilikuwa cha kitongoji. Viwili, Hellenic na Yarra Park Aias, vilikuwa vya Wagiriki. Muungano wao ndio uliozaa South Melbourne Hellas. Tunaomba msomaji aliangalie jambo hili vizuri, maana husahauliwa. Wahamiaji hawakuja na jina la kwao tu wakalisimika juu ya ardhi ya watu. Walilipokea jina la kitongoji, wakaliweka mbele, nalo la kwao likafuata nyuma.

Chama kilicheza katika uwanja wa Middle Park, kando ya ziwa. Mwisho wa juma mfanyakazi alikwenda huko akasikia lugha yake ikisemwa kwa sauti kubwa bila hofu. Hapo aliweza kupata habari za kazi, za nyumba ya kupanga, za msiba uliotokea kijijini kwao, hata za mchumba. Mpira ulikuwa dakika tisini. Mengine yote yalikuwa maisha.

Miongoni mwa watoto waliopelekwa Middle Park na baba zao alikuwapo Ange Postecoglou, aliyezaliwa Athens mwaka 1965 na kufika Australia mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka mitano. Mara kadhaa amesimulia hadharani kwamba baba yake alikuwa mtu wa kazi nyingi na maneno machache, na kwamba mpira ndio uliomfanya awe karibu naye. Mtoto huyo alikuja kuwa mchezaji wa chama, kisha nahodha, kisha mwalimu wa timu. Tutamrudia.

Mwaka 1977 Australia ilianzisha ligi ya kandanda ya taifa, na South Melbourne ikawa mojawapo ya timu za kwanza. Iliupata ubingwa mwaka 1984, tena mwaka 1991, kisha mara mbili kwa mfululizo, 1998 na 1999. Kwa wanaopima mambo kwa vikombe, hakuna la kubishana. Lakini kadiri timu ilivyozidi kushinda ndivyo swali la jina lilivyozidi kuulizwa.

Hoja ya wanaotaka jina liondolewe

Haki yataka tuwasikilize kwanza waliolipinga jina. Walisema kwamba ligi ya taifa ni mali ya taifa zima. Mtoto wa jirani asiye Mgiriki ataishangiliaje timu iitwayo Hellas? Atajiona ameingia nyumba ya watu. Tena walisema kwamba baadhi ya vyama vya wahamiaji vilikuja na magomvi ya Ulaya, na kwamba mechi ya mpira iligeuka mara nyingine kuwa vita vya mataifa ambayo wachezaji wengi hawakuwahi kuyaona. Ni kweli kwamba mapigano ya mashabiki yalitokea katika miaka hiyo, na ni kweli kwamba wenye magazeti waliyapenda mapigano hayo kuliko magoli.

Wakuu wa mchezo wakazitia hoja hizo katika amri. Mnamo mwaka 1996, David Hill akiwa mwenyekiti wa shirikisho la kandanda, vyama vilitakiwa viondoe majina na alama za mataifa ya kigeni. South Melbourne ikaitwa kwa muda South Melbourne Lakers, yaani ya watu wa ziwani, jina ambalo halikumwudhi mtu na halikumgusa mtu. Ligi ile ya zamani ilikoma mwaka 2004. Mwaka 2005 ilipoanza ligi mpya, ya timu chache zilizokusudiwa kuwa za miji mizima, vyama vikongwe vilivyoundwa na jamii za wahamiaji havikupewa nafasi. South Melbourne ikarudi kucheza katika ligi ya jimbo la Victoria. Mwaka 2014 ikatolewa sera mpya iliyozuia majina na nembo mpya zenye kutaja taifa la kigeni, dini au siasa. Sera hiyo iliondolewa mwaka 2019. Kati ya tarehe hizo, mwaka 2018, South Melbourne iliomba tena kuingia katika ligi kuu ikakataliwa.

Hatudai kwamba kila uamuzi katika hayo ulitokana na chuki. Ligi ile ya zamani ilikuwa na udhaifu mwingi, wa fedha na wa uongozi, nao wakuu walikuwa na haki ya kutafuta dawa. Tunalouliza ni jambo moja tu: je, jina ndilo lililokuwa ugonjwa?

Jina si ukuta

Katika hoja ya wapinzani wa jina mna mambo mawili yaliyochanganywa, nayo yafaa yatenganishwe. Moja ni jina, yaani mtu kusema ametoka wapi. La pili ni mlango, yaani kama wengine wanaruhusiwa kuingia. Waliolipinga jina walidhani kwamba jina la kigeni ni mlango uliofungwa. Historia yaonyesha vingine, na tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza watoka katika jiji la Sydney, ambako Wagiriki walikuwa na chama kingine kilichoitwa Pan-Hellenic. Katika miaka ya 1960 chama hicho kilimchukua Charles Perkins awe mchezaji na kiongozi wa timu. Perkins alizaliwa Alice Springs mwaka 1936, naye alikuwa wa wenyeji wa asili wa Australia, watu walioishi katika nchi hiyo kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya Mwingereza wa kwanza kutia nanga. Katika miaka hiyo katiba ya Australia ilikuwa na kifungu kilichowaacha wenyeji hao nje ya hesabu ya watu wa nchi, kifungu kilichofutwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967. Katika miji mingi hawakuruhusiwa kuingia mabwawa ya kuogelea wala kumbi za sinema sawa na wengine. Kwa fedha alizopata mpirani Perkins alijisomesha Chuo Kikuu cha Sydney, akapata shahada mwaka 1966. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amewaongoza wanafunzi wenzake katika safari ya basi kwenda miji ya mashambani kupinga ubaguzi.

Hebu tuyatafakari haya. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kweli wa nchi, na waliojiita wenyeji walimfungia milango. Walioufungua mlango wao ni wale walioitwa wageni, na juu ya mlango huo jina lilikuwa la Kigiriki.

Mfano wa pili waturudisha Melbourne. Mwaka 1989 South Melbourne ilimwajiri mwalimu wa timu aliyeitwa Ferenc Puskás. Huyu alikuwa Mhungari, nahodha wa timu ya Hungaria iliyofika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1954, na baada ya machafuko ya nchi yake ya 1956 hakurudi kwao bali aliendelea na mpira Hispania. Baadaye alifundisha Ugiriki, akaiongoza Panathinaikos hadi fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 1971, na huko ndiko alikojifunza Kigiriki. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Kwa hiyo huko Australia Mhungari huyu alizungumza Kigiriki na nahodha wake, Postecoglou, naye nahodha akawatafsiria wenzake. Mwaka 1991 wakaupata ubingwa kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Melbourne Croatia, chama cha wahamiaji wa Kikroeshia. Lugha ambayo wengine waliiona kuwa kizuizi ndiyo iliyokuwa daraja la mkimbizi mmoja kuwafikia wachezaji wa makabila mbalimbali.

Mfano wa tatu ni wa kitongoji chenyewe. South Melbourne ilikuwa na chama kingine cha michezo, cha tangu mwaka 1874, kilichocheza mpira wa Kiaustralia, ule unaochezwa kwa mikono na miguu. Chama hicho kilikuwa cha wenyeji kwa kila maana ya neno. Mwaka 1982, baada ya kubanwa na madeni, kilihamishiwa Sydney na jina la South Melbourne likaachwa. Wagiriki walibaki. Uwanja wao wa Middle Park ulipovunjwa kuipisha barabara ya mashindano ya magari, chama chao kilihamia mwaka 1995 mahali hasa palipokuwa uwanja wa chama kile kilichoondoka. Hivyo basi jina la kitongoji, kwa upande wa mpira, limehifadhiwa na wale ambao kwa miaka mingi waliambiwa kwamba wao si wa hapo.

Mwezi Januari mwaka 2000 chama hiki kilikwenda Brazil kushiriki mashindano ya kwanza ya klabu bingwa za dunia, kikiwakilisha Oceania nzima. Kilifungwa mechi zote tatu, na katika mechi dhidi ya Manchester United mabao yote mawili yalifungwa na Quinton Fortune wa Afrika Kusini. Mwalimu wa timu alikuwa yule mtoto wa Middle Park. Miaka kumi na mitano baadaye, Januari 2015, yeye huyo ndiye aliyeiongoza timu ya taifa ya Australia kutwaa Kombe la Asia. Taifa lililifurahia tunda, hali likiona haya kuutaja mti.

Kuwa mwenyeji mahali

Hapo msomaji makini aweza kutuuliza swali gumu zaidi. Atasema: nakubali kwamba mlango ulikuwa wazi. Lakini hata mlango ukiwa wazi, je, jina lile halimwambii kila asiye Mgiriki kwamba humo ndani yeye ni mgeni?

Tunajibu kwamba ni kweli, lamwambia hivyo. Ila tunasema pia kwamba kuwa mgeni si dhuluma. Kila mmoja wetu ni mwenyeji katika nyumba moja na mgeni katika nyumba nyingine, na utu mwingi tulio nao tumejifunza katika kupokea na kupokewa. Hakuna ubaya kuwa mgeni mahali. Ubaya ni kuwa mgeni kila mahali. Mfanyakazi wa Kigiriki wa mwaka 1959 alikuwa mgeni kiwandani, mgeni dukani, mgeni hospitalini, mgeni katika shule ya watoto wake. Uwanjani Middle Park ndipo mahali pekee alipokuwa mwenyeji.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu asiye mwenyeji mahali popote hana awezaye kumkaribisha. Hana kiti cha kumpa mtu, hana kikombe cha kumnywesha. Wagiriki wa Sydney waliweza kumpokea Perkins kwa sababu walikuwa na nyumba yao, na juu ya nyumba hiyo waliandika jina lao. Anayemwambia mgeni alifute jina ndipo akubalike hudhani kwamba anampa nafasi ya kuwa sawa na wengine. Kumbe anamnyang'anya kitu ambacho ndicho humwezesha mtu kuwa mkarimu. Mgeni wa namna hiyo atabaki mpokeaji siku zote, na siku ya kumpa jembe haitafika, kwa kuwa hana shamba.

Hata hivyo hatutaki mtu atumie maneno haya kuwa kinga. Nyumba ikishajengwa, wajibu huhama na kwenda kwa aliyejenga. Chama ambacho hufurahia miguu ya mchezaji wa kabila jingine uwanjani, ila katika kamati humnyima kiti, kimeligeuza jina kuwa ukuta kwa mikono yake chenyewe. Shabiki anayemtukana mpinzani kwa asili yake amefanya lile lile lililofanywa na mtahini wa bandarini. Hawezi kulalamika kwamba baba yake alidharauliwa, ilhali yeye amempata mtu mwingine wa kumdharau. Kwa hiyo kipimo cha haki hakikai katika maandishi ya juu ya mlango. Kimo katika jambo analolikuta mtu akishabisha hodi.

Jirani zetu na sisi wenyewe

Jambo hili halikutokea Australia peke yake. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na chama cha kandanda kilichoundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya. Mnamo mwaka 1980, katika juhudi za serikali za kupiga vita ukabila, vyama vyenye majina ya makabila vilitakiwa vibadili majina, na chama hicho kikawa AFC Leopards. Nia ilikuwa ya kuunganisha taifa, na nia hiyo hatuwezi kuibeza sisi tunaojua ukabila umefanya nini katika nchi za eneo letu. Lakini mashabiki waliendelea kuiita timu yao Ingwe, ambalo ni neno la Kiluhya lenye maana ya chui. Jina lilitolewa mlangoni likarudi dirishani. Huko Melbourne nako mashabiki hawakuacha kuiita timu yao Hellas. Amri hubadili maandishi ya mlangoni upesi. Mioyo ya watu haisomi maandishi hayo.

Kwa nini basi tunayaandika haya katika jarida la walimu wa Kiswahili? Kwa sababu lugha tunayoifundisha ina uzoefu mkubwa wa kupokea wageni kuliko chama chochote cha mpira. Tulichukue neno kitabu. Lilitoka Kiarabu, na herufi zake za asili zingalimo. Kiswahili hakikulitaka liache sauti zake ndipo liingie. Kililisikiliza, kikasikia mwanzoni mwake silabi inayofanana na kiambishi chake chenyewe, kikaliweka pamoja na kiti na kisu, na tangu siku hiyo twasema vitabu bila kufikiri. Neno lilibaki na jina lake, na lugha ikalipa kazi. Huo ndio mpango mwema wa mgeni na mwenyeji: mmoja aje na asili yake, mwingine ampe mahali katika sarufi ya nyumba.

Lakini sisi wenyewe, wenye kuifundisha lugha hiyo, je, tunafuata mfano wake? Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kulifupisha jina la mwanafunzi aliyetoka ng'ambo ya mpaka kwa kuwa lilimshinda kulitamka? Ni nani asiyemjua mwalimu aliyesema kwa mzaha, "Wewe tutakuita hivi, lako ni refu mno," darasa likacheka, na mtoto naye akacheka ili asionekane amelia? Twafanya hivyo bila chuki, kama ambavyo wengi wa waliotoa amri kule Australia hawakuwa na chuki. Twasema tunarahisisha mambo. Twasema tunataka wote wawe kitu kimoja. Kumbe tunampa mtoto imla yetu ya mlangoni, naye anajifunza somo ambalo halimo katika muhtasari: kwamba ili akae nasi hana budi awe mdogo kidogo kuliko alivyokuwa.

Mtoto huyo akipata mahali ambapo jina lake latamkwa sawasawa, hatajifungia humo. Ataketi kama mtu aliyeketi kwake, na kesho akiingia mgeni mwingine atasogea ampishe kwenye dawati. Wajibu wa kumtaka asogee tunao, nao hatuuachi. Ni jembe la siku ya tatu. Lakini siku ya kwanza ni ya kuuliza jina na kulisikiliza hadi mwisho.

South Melbourne ingali ikicheza kando ya ziwa lile. Mwaka 2025 ilikuwamo miongoni mwa vyama vilivyoshiriki mashindano mapya ya taifa yaliyowekwa chini ya ligi kuu, baada ya miaka ishirini ya kukaa nje ya mashindano ya namna hiyo. Hatujui kama ipo siku itarudi juu kabisa. Tunalolijua ni kwamba kesho asubuhi kila mmoja wetu atalifungua daftari la mahudhurio, na atafika kwenye jina ambalo humpa taabu. Tunamwomba asilipite haraka.